Mama Bernadeta, Aliyetujua kwa Nyayo

Jumapili hii, tarehe 28 Septemba 1913, Mama Bernadeta anaondoka kwenye kigoda chake pale barazani pa nyumba ya dawa ya Misheni ya Lukwenzi, baada ya kutumikia miaka ishirini. Nimepewa kazi ya kuandika maneno haya yasomwe baada ya misa, kabla ya chakula. Nimeipokea kwa furaha kubwa. Nina wiki saba tu katika ndoa, na ndoa hiyo, kama mtakavyosikia, isingekuwapo bila yeye.

Alianza mwaka 1893 kwa kufua vitambaa vya vidonda. Hakuwa amesoma, na mpaka leo hajui kuandika hata jina lake. Miaka michache baadaye misafara ya kutoka bara ikatuletea funza, na milima yetu ikajaa watoto wanaotembea kwa visigino. Hapo ndipo Mama Bernadeta alipopata kazi yake hasa. Vifaa vyake vilikuwa beseni la maji ya moto, chumvi, mafuta ya nyonyo na mwiba wa mlimau. Hutoa funza mzima na mfuko wake bila kuupasua, na mtoto hugundua kwamba kazi imekwisha pale anapoambiwa ashuke.

Kwenye kigoda hichohicho ndipo alipofundishia dini. Mtoto huanza "Salamu Maria" mwiba unapoingia, na haachi kusali mpaka funza atoke. Ndiyo maana watoto wenye funza wengi ndio waliokuwa wa kwanza kuijua katekisimu yote, na mtoto mmoja wa bonde la chini alibatizwa mapema kuliko ndugu zake kwa sababu ya vidole vyake kumi.

Basi akawa anatujua kwa nyayo. Kanisani hukaa nyuma kabisa, na watu wakipiga magoti huzitazama nyayo zote kama wengine wanavyotazama nyuso. Padre Aloisi akitaka kujua nani hakuja misa, humuuliza yeye. Wengi wetu tumejaribu kujificha siku za mavuno. Haikusaidia.

Lakini jambo linalotufanya tusimame leo kumshukuru ni la mwaka 1899, mwaka wa njaa. Ndui ilikuwa imefika Mikese, chini ya milima yetu, pamoja na misafara, na kila siku ilikuwa ikipanda kutukaribia. Padre Aloisi, aliyekuwa mgeni na Kiswahili chake bado kibichi, alipata kutoka pwani dawa kidogo ya kuchanja, ya kutosha watoto kumi na wawili tu. Mpango ulikuwa huu: watoto hao wachanjwe mkononi, warudi siku ya nane, na maji ya lengelenge lililoota yachukuliwe kuwachanjia wengine. Wakikosa kurudi, dawa inakufa, na kuletewa nyingine kungechukua zaidi ya mwezi. Ndui isingetusubiri mwezi.

Mama Bernadeta aliwaosha miguu wote kumi na wawili walipokuwa wakingoja. Padre akakaa na daftari akiandika majina. Hapo ndipo kosa lilipotokea. Watu walikuwa wamekwisha kuona kwamba mtu akiandikwa jina, siku za baadaye huja kuchukuliwa kwenda kufanya kazi za barabara. Kwa hiyo wakataja majina ya marehemu, majina ya jirani, na mmoja alitaja jina la mbuzi wake. Mabibi watatu, kila mmoja alipoulizwa mjukuu wake anaitwa nani, alijibu, "Sijui." Padre akaandika vizuri kwa wino: Sijui. Sijui. Sijui.

Siku ya nane Padre alisimama barazani na daftari lake akaita, "Sijui! Sijui yuko wapi?" Waliokuwapo walicheka mpaka wakakaa chini. Mtoto hakutokea hata mmoja.

Mama Bernadeta hakucheka. Alichukua beseni na mwiba, akamwita Abasi, Mwislamu wa Morogoro Mjini aliyekuwa akitubebea masanduku ya dawa, wakashika njia ya milimani. Hakuuliza jina la mtu. Kila nyumba alisema amekuja kutazama funza, na hakuna mama anayekataa watoto wake watolewe funza. Akishika mguu anaoujua, ndipo anapofunua mkono. Mpaka jioni alikuwa amewapata kumi na mmoja, na mikono yote kumi na moja ilikuwa mikavu, bila lengelenge. Wazazi walikuwa wameiosha kwa majivu mara walipofika kwao.

Abasi, ambaye leo ni mzee wa heshima na ameketi hapa mbele, anapenda kusimulia kwamba njiani alimwambia, "Mama, turudi. Huyo wa kumi na mbili labda ni yule mbuzi." Akajibiwa, "Mbuzi ningemjua kwa kwato. Tembea."

Asubuhi ya siku ya tisa walifika kwa Bibi Mosi. Huyu, mmoja wa wale mabibi watatu, alikuwa amezika wanawe wawili mwaka uleule, na mjukuu wake wa miaka sita ndiye aliyekuwa amebaki naye. Pale kwake palikuwa na mwali ndani, msichana wa ukoo aliyetawishwa kama desturi yetu, naye haonwi na mwanamume. Abasi akabaki njiani. Mama Bernadeta akapiga hodi, akasema shikamoo, akachungulia. Gizani kulikuwa na kaniki moja pana, na chini yake nyayo zimechomoza.

"Humu mna mwali tu," alisema Bibi Mosi.

"Namwona, bibi," alisema Mama Bernadeta. "Mwali wako ana miguu minne."

Miguu miwili kati ya hiyo ilikuwa midogo, na kwenye ule wa kushoto kidole cha pili kilikuwa kimepanda juu ya dole gumba. Bibi Mosi akakaa mlangoni akauziba. Alisema, "Mmemwandika. Aliyeandikwa huchukuliwa. Nimebaki na huyu tu, unanielewa?"

Mama Bernadeta naye akakaa chini palepale. "Mimi sijui kuandika," alimwambia. "Nitambeba mgongoni mwangu, nawe utafuata nyuma ukimwona. Kesho nitamrudisha mgongoni hapahapa. Asiporudi, njoo ukae kwenye kigoda changu mpaka ufe, nami nikulishe."

Bibi Mosi akasogea, mlango ukawa wazi. Mkono wa yule mtoto ulikuwa na lengelenge zuri, jeupe, la mviringo. Siku hiyohiyo walichanjwa watoto ishirini na saba kutokana na mkono ule, na wiki iliyofuata, kutoka mikono ya hao, zaidi ya mia mbili. Bonde la chini, ambako chanjo ilichelewa kufika, lilizika watu wengi, na Mama Bernadeta bado huwataja katika sala. Lukwenzi ilizika wawili. Na yule mtoto alirudishwa mgongoni siku ya kumi, kama bibi yake alivyoahidiwa.

Padre alipotaka kusahihisha daftari, Mama Bernadeta alimwomba aliache. Mtoto akakua, akabatizwa Theresia, na kila mtu Lukwenzi bado anamwita Sijui. Mwezi Agosti alisimama altareni karibu nami, na mguu wake wa kushoto, ulio na kidole kilichopanda dole gumba, ndio mguu mzuri kuliko yote iliyowahi kushuka milima hii. Mnisamehe. Nimejaribu kuandika kwa kiasi, nimeshindwa.

Mama Bernadeta anakwenda kwenye shamba la ukoo wa mama yake, kupanda maharage na kuvuta ugoro wake bila Masista kumwangalia kwa jicho kali. Miaka yote alikataa kuandikwa katika orodha ya wafanyakazi, kwa kuwa alikwisha mwambia Bibi Mosi hajui kuandika, na hakutaka kuwa upande wa daftari. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika karatasi hii alifikiri, akasema, "Andika, sasa sina nguvu za barabara."

Asante, Mama, kwa kila mguu uliouweka juu ya goti lako. Uwe na mvua ya kutosha, magoti yasiyouma na wajukuu wa jirani wa kukutembelea. Kigoda na mwiba umekwisha kuvikabidhi, na kesho asubuhi watoto watakuta maji yamechemka. Ukiwa njiani na mtu akikuuliza nani amekaa mahali pako, mjibu kweli tupu: Sijui.

Mwalimu Agustino,
Shule ya Misheni, Lukwenzi