Plau na Kaburi Langu

Kaeni karibu, Joash na Mogaka, wanangu, na mama yenu Mokeira aweke chini hicho kijiko cha dawa, maana kifua hiki kilichobeba magunia mawili ya mahindi kutoka Sironga mpaka Keumbu bila kupumzika, leo kinashindwa na blanketi. Mnacheka? Yalikuwa mawili, na huyo Mokeira alikuwa amekaa juu yake.

Nimesikia mnagombania plau. Basi sikilizeni habari yake kwa mtu wa kwanza kuleta plau kwenye kilima hiki, pengine Afrika nzima. Zamani tulilima kwa egesangio, leo watu kumi kwako, kesho hao hao kwangu, tunaimba, tunakunywa uji wa wimbi, na hakuna shamba lililolala. Kahawa yangu ilipopata bei nikanunua plau, nikatoka kwenye egesangio. Nilisema, mimi huyu nitangoja zamu na watu wa jembe? Nikakodi mashamba yao, wakaja kunipalilia kwa mshahara, na mabati yangu yakang'aa mpaka ndege wakapotea njia. Bwana shamba akapita, akasema kilima hiki kimetajirika. Nikamwambia ndiyo. Kumbe ni nyumba moja tu. Gesare, yule mjane wa ng'ambo ya mto, alikuwa anakula wimbi lake mwenyewe. Sasa analinunua kwangu, na aliyelipalilia ni yeye.

Juma lililopita aliniletea ndizi, nikamtania, nikifa mtanichimbia kaburi zuri? Akasema, "Tutachimba, Baba Joash. Lakini kwako tumezoea mshahara. Utatulipa wewe, ama watoto?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote, halafu ugali ukanikataa siku nne, mimi ninayemaliza sinia peke yangu. Mtu akichimbiwa na vibarua nyumbani kwake, ana tofauti gani na mgeni aliyefia njiani?

Kwa hiyo nasema: plau si ya Joash, si ya Mogaka, ni ya egesangio. Kesho asubuhi fungeni maksai wanne, muanze kwa Gesare, muende nyumba kwa nyumba, na letu liwe shamba la mwisho. Mashamba niliyokodi yarudi kwa wenyewe, na kila mmoja apewe miche ya kahawa. Joash, usininunie. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa kidole changu. Mogaka, wewe una sauti yangu, ingawa ni nusu, basi uimbe mbele ya ng'ombe.

Mokeira, nipe maji. Kidogo tu.

Mungu awape mvua kwa saa yake. Mzae mpaka majina yaishe. Msile mkiwa mmefunga mlango.

Fungua dirisha hilo... la upande wa mto. Mkifika kwa Gesare imbeni kwa nguvu, nisikie. Kisha muulizeni tena habari ya kaburi. Asipotaja mshahara, rudini mniambie. Sitaenda kabla. Safari hii... nitangoja zamu yangu.