Bonbon ya menthe

Ndani ya bisi ya kutoka Ndosho, mama mumoja mwenye aliikala pembeni yangu alimulalamikia muzee mwenye hakumujua: "Papa, kidonge cha kansa ya mapafu kilimusaidia bwana yangu mwaka muzima. Sasa kansa imerudi. Munganga wa hospitali anasema imezoea dawa. Mimi nasema farmasi inatuuzia ya uongo!"

"Anavuta sigara?" muzee akauliza.

"Aliacha! Kwa hospitali walisema sigara inapunguza nguvu ya kidonge."

"Na jioni?"

"Anaenda kupunga hewa tu. Anarudi akitafuna bonbon ya menthe, ile pipi ya kunukisha kinywa."

Muzee akakohoa. Mimi nikaangalia inje, juu marehemu bwana yangu pia alipenda bonbon kisha sigara.

Bisi ikasimama Mabanga. Bwana ya ule mama alikuwa anamungojea, shavu limejaa bonbon. Sikuwa nimeona bado mwanamuke akimusalimia bwana yake kwa pua.