Mzee Kigingi, Aliyebomoa Jiko Tembo Wapite

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimwita Mzee Kigingi. Nyumbani tulimwita Baba. Wanawe wamesema wakisoma wao watalia kabla ya kufika katikati, ndiyo maana nasoma mimi mkamwana wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1949, mtoto wa nne wa mama mfinyanzi na baba mchungaji wa ng'ombe. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, akamaliza mwaka 1964. Mwalimu wake alikuwa akisema mtoto huyu hachori mstari bila kuupima mara mbili.

Mwaka 1968 aliajiriwa ofisi ya ardhi, kazi yake kupanda vigingi vya mipaka. Jina likamganda hapo. Alistaafu mwaka 2004, na mwaka uliofuata mkamchagua diwani wenu.

Alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, tarehe 14 Julai 1973. Alimjengea nyumba, na nyuma yake jiko la matofali. Mungu akawajalia watoto watano.

Kazi iliyomkaa moyoni kuliko zote ni ile ya sheria ya kulinda mapori na mapito ya wanyama kwenye ardhi ya umma. Kila kiangazi tembo walipita nyuma ya kijiji kwenda mtoni. Walipozibiwa na mabanda yetu waliingia mashambani, na mwaka mmoja walimuua jirani yetu akimfukuza mmoja wao kwa kupiga debe. Baba akasema njia ile ilindwe kwa sheria, isitegemee huruma ya mtu.

Kamati ya wabunge ilipokuja kukusanya maoni, tulikutana pale shuleni. Baba akasimama: "Mwenye banda njiani alitoe mwenyewe, tusingoje kusukumwa."

Fundi mwashi akamkatiza. "Shikamoo mzee. Na jiko lako je? Mbona naliona ng'ambo ya kigingi, upande wa tembo?"

"Kinyozi hajinyoi!" mwingine akadakia. Watu wakaangua kicheko, na wengine wakaanza kuinuka, maana kama diwani mwenyewe yumo njiani, sheria ya nini tena?

Baba alichukua kamba yake ya kupimia akaenda nyumbani, kamati nyuma yake, kijiji kizima nyuma ya kamati. Akapima, akarudia. Nusu ya jiko ilikuwa njiani. Kumbe aliyewapimia watu wote, lake alilijenga kwa macho tu, kijana aliyeoa juzi, ana haraka.

"Mke wangu," akasema, "toa sufuria."

Mama akaweka mikono kiunoni. "Miaka yote nalia moshi humu hukunisikia. Leo tembo amenisemea!"

Mwashi ndiye aliyemsaidia kubomoa, na ndiye aliyejenga jipya, lenye madirisha mawili. Wiki ile ile wenye mabanda wakaanza kuhama bila kuambiwa. Sheria ilipitishwa mwaka 2011. Sasa tembo wanapita nyuma ya nyumba mama akipika, na hakuna anayemsumbua mwenzake.

Mwaka jana moyo ulianza kumchosha Baba. Alishinda barazani na mwanangu, akamfungia kamba ile kati ya nguzo mbili, mtoto akajifunza kutembea kwa kuishika. Alifariki hospitalini asubuhi ya Jumanne iliyopita, mkono wake mkononi mwa mama. Siku moja kabla alituambia, "Kaburi langu mlipime vizuri. Nisije nikawazibia njia, na safari hii siwezi kuhama."

Jana mwashi alilipima kwa kamba hiyo hiyo, kisha akarudia. Liko upande wetu.

Ameacha mjane, watoto watano, wakwe, wajukuu kumi na mmoja, dada yake mmoja, na huyo mwashi, ambaye tangu jana tunambembeleza asilie sisi wafiwa.

Lala kwa amani, Baba. Njia iko wazi.