Tai Mmoja, Barua Kumi na Tisa

Mgeni rasmi, Dkt. Venera Asanbaeva, mkuu wa udahili wa chuo kikuu. Mwalimu wetu mkuu. Wazazi wetu wapenzi: salaam.

KARIBU
Umepanda milima kutwa nzima kuja Ak-Kechuu. Boorsok zilizo mbele yako, maandazi ya kwetu, zimekaangwa asubuhi hii, tafadhali usione haya, kula. Wakubwa wengine huishia wilayani wakatutumia salamu. Wewe umefika, nasi tumefurahi kwelikweli.

HISTORIA
Miaka mitatu iliyopita mlimpokea Ulan, wa kwanza kutoka shule hii. Mliuliza mwombaji anapenda nini kwa dhati, naye akaandika juu ya tai wa babu yake, aliyemlisha kwa mkono wake tangu utotoni. Basi kijiji kizima kikakata shauri: chuo kinataka tai! Mwaka uliofuata kaka na dada zetu waliwaletea barua kumi na tisa, kila moja na tai wake. Mkazikataa zote. Mgeni rasmi, tai wa Ak-Kechuu alikuwa mmoja tu, na wakati huo alikwisha kufa.

MAFANIKIO
Tumejirekebisha. Mwaka huu tumeandika yale yanayotusahaulisha kula. Bakyt anafumua redio mbovu za wazee na kuzirudisha zikiongea. Nurperi ana nyimbo arobaini za kubembelezea watoto, alizoziandika akiwa ameketi jikoni kwa mabibi. Tunafaa, na tunalisema bila kupepesa macho.

CHANGAMOTO
Changamoto yetu ni moja, nayo ndiyo inayokusomea risala hii. Jazgul, usiruke mstari.

Baba yake ndiye mgawa maji wa kijiji. Kwa miaka sita Jazgul amepima mfereji kila asubuhi, kwa fimbo aliyoichonga alama mwenyewe. Wakati wa ukame, majirani walipotaka kupigana kwa majembe, daftari lake ndilo lililoonyesha kwamba maji yalipungua tangu mlimani na hakuna aliyeiba. Tulimwambia aandike hayo, akatucheka.

"Nyie mna wazimu? Nani anipe nafasi chuoni kwa kuchungulia mtaro?"

Mama yake naye akasema, "Mwanangu, andika kitu cha maana. Andika tai. Wale kumi na tisa hawakujua kusimulia, wewe unajua."

Akaandika tai. Barua imo ofisini kwako tangu wiki mbili zilizopita, na tangu siku hiyo hana raha. Risala hii ameiona leo tu. Ametuita wasaliti, akaenda kunawa uso, akarudi.

MAOMBI
Hatuombi jengo wala basi, na upendeleo hatuutaki. Tunaomba Jazgul aruhusiwe kubadilisha barua yake kabla ya Ijumaa, maombi yanapofungwa. Mkimkataa kwa mfereji wake, tutanyamaza. Ila asikataliwe kwa ndege ambaye hajawahi hata kumgusa. Tunampenda, na inatuuma.

Mungu akurudishe salama, na theluji ikungoje upite kwanza.

Jazgul, karatasi imekwisha. Daftari limo mkobani mwako, tumeliona. Mpe mgeni rasmi.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Kumi na Moja,
Shule ya Ak-Kechuu.