Mwalimu wa Nice

Kijiwe chenyewe kiko Moshono, mbele ya kontena la fundi pikipiki: mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana, na katikati birika la Dismasi muuza kahawa. Jumamosi hiyo Mlima Meru ulikuwa umejifunika ukungu mpaka miguuni, na baridi ilikuwa ya kukunja vidole. Sifaeli, fundi madirisha ya alumini, alifika, akapokea kikombe, asinywe. Jumatatu bintiye wa pekee, Nice, alikuwa anaanza chekechea.

— Baba Nice, mbona kama umefiwa? akauliza Hans, dereva wa bodaboda waliyemwita Bunge kwa sababu hakuna hoja aliyoiacha ipite.

— Namwandaa mtoto, shule.

— Sasa hiyo ndiyo ya kununia? Samaki mkunje angali mbichi!

Sifaeli alikizungusha kikombe mkononi.

— Siku zote hizi namfundisha kufunga viatu, kuomba ruhusa ya chooni, kutaja jina. Hasa jina, maana akipotea je? Namwambia sema Nice Sifaeli. Anacheka tu. Na viatu vinamshinda. Jana naamka, namkuta kakaa kitandani, kavaa viatu, kavifunga mwenyewe. Namuuliza, unaitwa nani? Ananijibu kikakamavu: Nice Eliasi.

— Eliasi ndiyo nani?

— Ndiyo nawauliza nyie. Kwetu hakuna Eliasi, kwa kina mama yake hakuna. Nikamuuliza, nani kakufundisha? Mwalimu. Mwalimu gani, na shule haijafunguliwa? Akasema, yule wa nyuma ya nyumba.

Bunge akapiga kofi pajani.

— Tivii hiyo, kaka! Watoto wa siku hizi wanasomeshwa na katuni.

— Tivii yangu imeungua tangu Krismasi.

— Basi simu ya mama yake. Imemsikiliza mtoto, ikamchagulia jina. Hizi simu zinajua mambo.

Philemoni akatikisa kichwa. Kijiwe kilimwita Nabii tangu siku alipotabiri mvua ikanyesha kweli.

— Siyo simu. Hilo ni jina linalotafuta mtu wa kulibeba. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Nabii, methali hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia. Mgeni ni Baba Nice, kaja, kajenga. Jiulize kama mwenyeji kapona.

Mzee Aikaeli, Mmeru aliyelima kahawa maeneo hayo kabla viwanja havijapimwa, akakohoa.

— Sifaeli mwanangu, si ni wewe uliyejenga penye ile mibuni iliyobaki?

— Ndiyo, mzee. Ipo nyuma, michache.

— Lilikuwa shamba la Eliasi. Mkewe, Hanna, alikuwa anakusanya watoto wadogo pale mibunini, anawafundisha kuhesabu kwa punje za buni kabla hawajapelekwa shule. Wao walipata binti mmoja. Hakufikisha umri wa shule.

— Wakahama?

— Eliasi alihamia Oldonyo Sambu. Hanna alikataa. Alisema hawezi kuondoka darasa halijaisha. Akafia pale.

— Basi bado anaandaa, akanong'ona Nabii. Kakosa wake, kaazima wa mwenzake.

— Oya, usimtishe mtu! Bunge alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Hapo akatokea Anneth, mke wa Sifaeli, kikapu cha sokoni mkononi.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mama.

Akamgeukia mumewe.

— Baba Nice, mtoto umemwacha na nani?

Sifaeli akamkodolea macho.

— Si nimemwacha na wewe? Nimekusikia nyuma ya nyumba unamhesabisha, na yeye anaitikia. Nikaona nisiwakatize, nikaja zangu.

— Mimi? Nimetoka alfajiri mmelala. Ndiyo kwanza narudi kutoka soko la Kilombero.

Dismasi alilisahau birika mpaka kahawa ikafurika, ikazima mkaa.

Wakakimbia, mke mbele, mume nyuma, vitunguu vikidondoka njiani. Walimkuta Nice amekaa mibunini, mgongo wima, mikono magotini. Pale chini palikuwa pamefagiliwa, mistari ya ufagio bado mibichi, na hapakuwa na unyayo wowote, hata wa mtoto mwenyewe.

Anneth akamnyakua. Sifaeli akajikaza kuuliza.

— Mwalimu yuko wapi?

— Ameenda kumwita baba.

— Baba si mimi hapa?

Nice akamtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyekosa hesabu rahisi.

— Siyo wewe.

Hawakuingia ndani hata kuchukua nguo za kubadili. Walienda kulala Themi, kwa dada yake Anneth, na Jumatatu wakampeleka mtoto shule wakitokea huko. Darasa lilikuwa kilio kitupu, watoto wameng'ang'ania magauni ya mama zao. Nice aliachia mkono wa mama yake, akaenda kukaa, akatulia. Alipoulizwa jina alimtazama baba yake kwanza.

— Nice Sifaeli.

Sifaeli akamkonyeza mkewe kwa furaha. Mwalimu, binti mchangamfu, akawageukia akitabasamu.

— Hongereni wazazi. Wenzake wote wanalia. Huyu nani kamwandaa vizuri hivi?

Sifaeli akamshika mkewe mkono, wakatoka nje bila hata kuaga.