Dada Yetu, Aliyezipa Herufi Miguu

Dada yetu, mliyezoea kumwita Fundi Herufi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mpasua mbao na mshona nguo. Mama alisema alitambaa kuelekea mlangoni kabla hajajua kukaa vizuri, na kutulia hakukujua hadi mwisho.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Kusoma alipenda, ila zaidi alipenda sura za herufi. Alizinakili kwa mkaa kutoka kwenye magunia ya unga hadi mlango wa jikoni. "Mlango huu si gazeti!" Mama alifoka. Kesho yake ulikuwa umejaa tena.

Akawa mchoraji wa mabango. Herufi zake zilikuwa na miguu, vile vistari vidogo kwenye ncha, kama viatu. Fundi pancha mmoja alilalamika kwamba wateja wanavua kofia, wakidhani ni ofisi ya wakili. Mara nyingi dada aliacha chakula mezani, akavuka barabara kulitazama bango lake kwa mbali, kisha akarudi kushika brashi.

Mwaka 1984 alikuja mpiga chapa kuagiza bango la kiwanda chao. Alitaka herufi kavu, zisizo na kistari wala pambo. Akakuta zimeota miguu, akalikataa. Akarudi, akalikataa tena. Mara ya tatu alileta posa. Walioana tarehe 5 Oktoba 1985, na ugomvi ukahamia nyumbani.

"Zangu zinabisha hodi," dada alikuwa akisema. "Zako zinaingia tu, hata salamu hakuna."

"Zangu zina la kusema, zinasema. Zako mpaka zimalize kusalimia, mwenye baiskeli kashapita!"

Mwaka 2019 mikono yake ilianza kutetemeka. Miguu ya herufi ikapinda, akaanza kuziandika kavu. Mumewe, aliyezipigania miaka yote, hakushangilia.

Mwezi Mei mwaka huu, akiwa wodini, alituuliza, "Kibao changu cha kaburini mtakiandika kwa herufi zipi?"

"Zako, zenye miguu," mumewe akajibu.

"Miguu ya nini, na mimi siendi popote?"

Tukacheka. Asubuhi akasema amebadili mawazo. Jioni akabadili tena. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, akiwa hajaamua.

Jana mdogo wake, anayewasomea haya, alikiandika kibao kwa herufi kavu, asijue kama amepatia. Mume wa marehemu akavuka barabara, akasimama kulekule alikozoea kusimama dada, akatazama. Aliporudi alisema, "Shemeji, huko aendako ataingiaje bila hodi? Zitie miguu."

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja ambaye tayari anachora ukutani, na mdogo wake huyu. Kibao kimetiwa miguu, na rangi yake bado mbichi. Watakaokibeba wakishike kwa chini.

Mungu aitikie hodi yake, na safari hii atulie kwa amani.