Macho Yaliyokataa Kushuka

Ndugu waombolezaji, nani kati yetu hajawahi kusema, walau kimoyomoyo, kwamba fundi Polikarpo Kasimiri alikuwa mlevi, tena mwenye kiburi?

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1936 huko Kitangari, Newala, akasoma kwa wamisionari hadi 1952, akajifunza useremala, na tarehe 3 Juni 1969 akaajiriwa katika kiwanda cha umma cha samani, Mikocheni. Tarehe 18 Septemba 1971 alifunga ndoa na Felicitas, wakajaliwa Wilfred, Herieth na Rosalia.

Agosti 1990 alianza kuanguka, chali, kama mtu aliyesukumwa kifuani, na hakuna aliyejiuliza mbona hanuki pombe. Kisha macho yakakataa kushuka. Kwetu, ukimwamkia mkubwa unainamisha macho, na baba mkwe alipopewa shikamoo ya macho makavu alisema, "Huyu ananikodolea mie kama mtoto wake," wala hakukanyaga tena nyumbani kwao Segerea. Meneja mpya, aliyeletwa kukipamba kiwanda kiuzwe, naye alimwambia, "Wee mzee, nikiongea tazama chini." Polikarpo akajitahidi, akainama mwili mzima apate kuviona viatu vya bosi, akadondoka. Tarehe 4 Mei 1992 ikatoka barua ya kumfukuza, kwa Kiingereza, gross misconduct, utovu mkubwa wa nidhamu, yaani ulevi kazini, ikabandikwa getini. Mtu ambaye hakunywa hata kwenye harusi yake.

Hospitali walisema Parkinson, wakampa vidonge visivyosaidia kitu, hadi Novemba 1994 daktari mmoja alipomwambia afuate kalamu ikishuka, kalamu ikashuka, macho yakabaki juu. Akaeleza kwamba ugonjwa huu adimu wa ubongo una sura nyingi, huyu huanza kwa kuanguka, yule miguu humganda mlangoni, mwingine maneno humkauka, na hauna tiba.

"Kwa hiyo mume wangu si mlevi?" mama Felicitas akauliza.

"Si mlevi, mama."

"Niandikie."

Akaipeleka karatasi kiwandani, mlinzi akamrudisha, eti kiwanda kimeuzwa, kampuni ni mpya, mambo ya zamani hawayajui.

Mwaka wa mwisho mama Felicitas alimwekea mumewe sahani juu ya ndoo iliyopinduliwa mezani, ili aone anachokula. Tarehe 9 Februari 1996, saa nne asubuhi, uji ulipita njia ya pumzi.

Tunamshukuru daktari yule, majirani mliombeba kila alipoanguka, na mafundi wenzake wa Mikocheni. Pumzika, Polikarpo, hakuna tena wa kukuamuru utazame chini.

Nanyi mlioleta shada kwa jina la kampuni, shada lenu tumelipokea, karatasi ya daktari hii hapa, kesho asubuhi ibandikeni getini, palepale.